Nusu ya Ndege Aliyotuachia Baba Yako

Kayanga, Jumapili jioni

Mwanangu Zulfa,

Umekwenda Bugene kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua hatakuachia mapema. Kwa hiyo nina saa mbili tatu za kuandika bila wewe kunichungulia begani. Mambo ya sweta, ya chandarua, ya kutokula cha mtu ndani ya basi, nimeshayasema mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Siyarudii. Mwenye nyumba wako wa Songea nimempigia simu mara tatu, na mara ya tatu nilijifanya mtu mwingine anayetafuta chumba, nisikie kama bei atakayotaja ni ileile aliyokutajia wewe. Ni ileile. Bado simwamini, lakini hilo niachie mimi.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya kazi yako. Siku ulipokuja na ile barua ukasema, "Mama, nimepata, nitakuwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri," nilipiga vigelegele mpaka wateja wakaacha kuchagua misumari wakanitazama. Halafu nikakaa kimya siku mbili, ukaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Ni lile neno, mkaguzi, ndilo lililonikaa. Katika maisha yangu nimewahi kukagua kitu kimoja kwa bidii yangu yote, na katika kukagua kule nilimharibia mtu maisha. Nawe ulikuwepo. Ulikuwa kwenye gari, umelala, na mshono mbichi tumboni.

Baba yako alipofariki alituachia duka la vifaa vya ujenzi, kibanja cha kahawa na migomba, na nusu ya ndege. Duka nililijua. Kibanja nilikijua mgomba kwa mgomba. Ile nusu ya ndege ndiyo iliyonishinda. Nusu nyingine ilikuwa ya Kapteni Kamugisha, rafiki yake, yule aliyestaafu urubani akarudi kwao Bugene na kumtia baba yako hamu. Waliinunua ikiwa imeshatumika, viti vinne, injini moja, nyeupe na mstari wa buluu ubavuni. Walikuwa wakiikodisha kwa wanunuzi wa kahawa, madaktari, watalii wa mbugani, na wagonjwa waliohitaji kuwahi Mwanza. Baba yako alipenda kuisikia ikipita juu ya duka. Alitoka nje kila mara, hata kama alikuwa na mteja.

Nilikuwa bado ndani ya eda Kapteni alipokuja. Mjomba wako ndiye aliyempokea, nami nikazungumza nikiwa nyuma ya pazia la chumbani.

"Shemeji, pole tena," alisema. "Kuna jambo haliwezi kungoja. Ndege imefika ukaguzi wa mwaka."

"Si ilikaguliwa mwaka jana?"

"Ilikaguliwa. Ni kila mwaka."

"Kwani ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Inafunguliwa ili tujue kwamba haina."

Mimi ni mtoto wa mfanyabiashara, Zulfa. Sijawahi kulipa ili nionyeshwe kwamba kitu changu ni kizima. Gari la baba yako lilikwenda Bukoba na kurudi miaka sita na hakuna aliyelifungua mpaka lilipogoma lenyewe. Kapteni akanieleza kwa upole kwamba bila ukaguzi cheti cha kuruka kinakufa, cheti kikifa bima nayo inakufa, na ndege isiyo na karatasi ni bati lililokaa kwenye nyasi. Nikamuuliza, je, isiporuka kabisa mwaka mzima? Akasema hata isiporuka inakaguliwa, tena ikikaa tu ndiyo mbaya zaidi.

Neno hilo ndilo lililoniingizia mdudu. Kitu gani hiki kinachoharibika kikitumika, na kinaharibika zaidi kisipotumika? Nikajiambia, hapa kuna watu wanakula. Nikalipa, kwa sababu sikuwa na namna. Nililipa fundi, nikalipa vipuri ambavyo bei yake inatajwa kwa dola, nikalipa bima, nikalipa mahali pa kuiegesha Mwanza ilikofunguliwa, nikalipa na mafuta ya kuipeleka huko kukaguliwa. Ilikuwa kama kutoa mahari ya binti yuleyule kila mwaka.

Wanawake waliokuja kunihani wakaniongezea kuni. Mmoja aliniambia, "Mama Zulfa, mjane ni ng'ombe asiye na zizi. Kila apitaye anakamua." Nililiweka neno lile moyoni kama dua.

Mwaka wa pili, eda imekwisha, nikatoa amri. Ndege haitapelekwa tena Mwanza. Fundi atakuja hapa, ataifungua kwenye uwanja wetu wa Karagwe, nami nitakuwepo, nitaona kwa macho yangu. Ndipo nilipomjua Fundi Pastory.

Alikuwa mtu mwembamba, mzaliwa wa Kimuli huko Kyerwa, ameajiriwa miaka mingi kwenye karakana ya ndege Mwanza. Alishuka kwenye basi na masanduku mawili ya vyuma. Hakuwa mtu wa kukutazama usoni. Ukimuuliza jambo, alikitazama kile kitu unachokiuliza, akanyamaza, ndipo akajibu polepole, kwa Kiswahili cha mtu anayewaza kwa Kinyambo. Sisi ambao babu zetu walikuja na Kiswahili chao kutoka Pangani tuna ujinga mmoja: mtu akisita kutafuta neno, tunadhani anatafuta uongo. Mimi niliona kila akinyamaza ananitungia kitu.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya bawa, kalamu mkononi, orodha yake mapajani.

"Hiki kiko wapi?"

"Ndani ya injini, mama."

"Nitakiona?"

"Hapana, mama. Kiko ndani."

"Nafuta."

Nilikwenda hivyo mstari kwa mstari. Alipokata chujio la oili akalikunjua juani kama kitambaa, akaanza kutafuta chembe za chuma kwenye mikunjo yake, nilidhani ni mazingaombwe ya kunipumbaza. Tukafika kwenye waya. Alinipeleka nyuma, akanionyesha tundu dogo chini ya mkia.

"Waya huu unatoka kwenye usukani," alisema, "unapita chini ya sakafu mpaka hapa. Huu ndio unaoinua pua ya ndege na kuishusha. Nyuzi zake zimeanza kukatika. Mwaka huu bado unapita kwenye kipimo. Mwakani hautapita."

"Mwaka jana ulisemaje?"

"Mwaka jana ulikuwa mzima."

"Na ndege imeruka mara ngapi tangu hapo?"

"Chache."

"Sasa umekatikaje?"

Akautazama ule waya. "Kutu haingoji safari, mama."

Nilicheka. Jioni nilimsimulia Kapteni jibu lile kama kichekesho, naye hakucheka. "Lipa, shemeji," alisema. Na kwa kuwa alisema lipa, nikakataa. Niliona wazi sasa: rubani na fundi wanakula chungu kimoja, mmoja anatisha, mwingine anasihi. Nikaufuta waya.

Nataka uelewe, mwanangu, kwamba sikuwa mjinga. Nilikuwa mwangalifu mno. Nilijua bei ya kila bati linaloingia Kayanga, nilijua nani anapunja mizani ya kahawa na nani anapunja wino wa risiti. Hakuna aliyewahi kuniibia dukani mara mbili. Lakini nilikuwa na kanuni moja niliyoiona ya busara: ninacholipia nikione. Sikufikiria kwamba mtu akishajua kanuni yako, atajifunza kukuonyesha.

Mwaka wa tatu orodha ilikuja imenyooka. Matairi mawili, betri, plagi. Vitu vya kushikika. Nikafurahi, nikajisifu kwamba nimemnyoosha. Nilimtumia pesa zote yeye mwenyewe akanunue huko Mwanza aje navyo. Ila kabla hajafika nilikwenda uwanjani nikiwa na chupa ya rangi ya kucha ya shangazi yako, ile nyekundu. Nilimtuma mlinzi aninunulie vocha. Alipoondoka, nikachuchumaa nikatia nukta moja ya rangi kwa ndani kwenye kila tairi kuukuu, na moja chini ya betri. Nilijisikia mwerevu kuliko polisi.

Pastory alifanya kazi siku tatu. Nilipita kila asubuhi nikielekea dukani, nikasimama, nikatazama, nikaondoka. Siku ya nne akasaini, akarudi Mwanza. Nukta zangu sikuwahi kwenda kuziangalia, kwa sababu siku zilezile ndipo wewe uliposhikwa.

Hilo unalikumbuka kwa upande wako, mimi nikuambie kwa upande wangu. Mwalimu alinipigia kwamba unatapika na huwezi kunyoosha mguu. Daktari wa hapa akakubonyeza tumbo, akanivuta pembeni akasema ni kidole tumbo na kinakaribia kupasuka, au kimeshapasuka, na mtu wake wa upasuaji hayupo. Barabara mpaka Mwanza usingeimaliza. Kapteni alikuja na kandambili, hakuwa hata amevaa viatu. Tulikulaza kwenye kiti cha nyuma kichwa chako mapajani mwangu, nikasoma kila sura niliyoijua, na ndege ikainua pua, tukapita juu ya migomba na juu ya ziwa, ikashusha pua, tukafika. Walikupasua jioni ileile. Daktari aliniambia saa mbili zaidi na asingekuwa na la kuniambia.

Ulipopata nafuu, Kapteni alitufuata. Kiti cha mbele alikuwa amekaa Fundi Pastory, anakuja likizo kwao Kimuli, Kapteni amempa nafasi. Njia nzima, kila ndege ikitikisika, aligeuka kukutazama. Tulipotua, yeye ndiye aliyekubeba mikononi mpaka kwenye gari la mjomba wako. Alikubeba kama mtu anayebeba mayai. Mimi nilibaki nyuma kukusanya mito na chupa za dawa, nikainama kuokota kanga yangu iliyodondoka karibu na gurudumu, na nukta nyekundu ikanitazama.

Nikazunguka upande wa pili. Ya pili nayo ilikuwepo.

Palikuwa na watu kumi na kitu: wanunuzi wa kahawa waliokuwa wakingoja ndege, vijana wa bodaboda, mlinzi. Sikumngoja Pastory arudi tukae pembeni. Nilimwita kwa sauti ya sokoni.

"Fundi Pastory, njoo hapa. Tairi hili ni jipya?"

Akalitazama tairi. Akaiona ile nukta, nikajua ameielewa.

"Hapana, mama."

"Na lile?"

"Hapana."

"Pesa ya matairi mawili uliipokea?"

"Niliipokea."

"Mmesikia?" nikawageukia watu. "Mmesikia kwa masikio yenu? Mwizi wa mjane! Mwizi wa yatima!"

Kapteni akanishika mkono. "Shemeji, ngoja. Twende pembeni tuzungumze." Nikautikisa mkono wake. Pembeni ndiko wanakolana, nilijiambia. Pastory alisimama kidogo, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na oili, akachukua begi lake, akaelekea barabarani kwa miguu. Vijana wa bodaboda walikuwa wameshaanza kumzomea. Nilirudi kwenye gari nikakufunika vizuri. Nilikuwa na furaha, Zulfa. Mtoto wangu mzima na mwizi wangu nimemkamata, yote siku moja.

Palikuwa na swali moja tu lililobaki la kuuliza: basi hiyo pesa uliifanyia nini? Mtoto wa darasa la tatu angeliuliza. Mimi sikuliuliza, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilikuwa tamu, na nililingoja miaka mitatu.

Kesho yake niliandika barua kwa karakana ya Mwanza. Nilieleza matairi, nukta, mashahidi. Hawakuchukua wiki mbili. Nikasikia ameachishwa kazi, nikasema alhamdulillahi.

Kapteni hakugombana nami. Alisema mara moja tu, amesimama mlangoni mwa duka: "Mrudishe Pastory. Mimi ndiye ninayekaa mbele." Nikamjibu, "Na mimi ndiye ninayelipa." Tangu hapo hata salamu yake sikuiamini.

Nikapata fundi mwingine. Huyu alikutazama machoni. Alivaa viatu vya kung'aa, alisema Kiswahili kama mtangazaji, aliniita mama yangu mzazi. Alimaliza kwa nusu siku kile ambacho Pastory alikifanya kwa siku tatu, na kila mwaka ndege ilikuwa nzima, haidai kitu ila oili na saini yake. Gharama ilishuka, nami kila nikimlipa niliona namlipa Pastory matusi. Yeye sikumtilia rangi ya kucha. Mtu anayenipa jibu ninalolitaka nitamchunguzia nini?

Wewe ulikuwa umeshakwenda bweni Bukoba, kidato cha tano, alipokuja mkaguzi wa mamlaka ya anga. Alikuja bila kupiga simu. Alikuwa binti tu, kakuzidi miaka michache, na fulana ya njano ya kung'aa. Aliomba vitabu vya ndege, vile vya Kiingereza ambavyo mimi sikuwahi kuvifungua kwa kuwa nilivihesabu ni vyao, akasoma. Kisha akafungua kifuniko kimoja cha bawa, akamulika tochi. Ndani palikuwa na nyumba za nyigu, za udongo, zimepandana.

"Mama, huyu aliyesaini mwezi uliopita kwamba alifungua hapa," aliniuliza, "ni nani?"

Nikamtaja.

"Nyigu hawajengi hivi kwa mwezi mmoja."

Akaendelea kufungua. Plagi zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Injini aliizungusha kwa mkono, akatikisa kichwa. Kapteni, mtu mzima yule, alikaa chini kwenye nyasi na suruali yake nyeupe. "Nimewabeba watu na hii," alisema. "Nimewabeba watu, shemeji."

Yule binti alikuwa anarudisha kurasa za kitabu nyuma, moja baada ya nyingine, akatua kwenye ukurasa mmoja. "Wa mwisho kuifungua ndege hii kwa kweli ni huyu," alisema, akanionyesha saini. Nikaitambua. Nikamwambia huyo alikuwa mwizi. Akanitazama, halafu akanisomea alichokiandika Pastory mwaka ule, akinigeuzia kwa Kiswahili: waya wa kuinua na kushusha pua, nyuzi zake zimekatika kupita kipimo, umetolewa, umefungwa mpya. Akasoma na tarehe.

Nilimwomba airudie tarehe. Ilikuwa siku nne kabla sijakulaza kwenye kile kiti cha nyuma.

Sijui nikueleze vipi. Waya nilioufuta kwa kalamu yangu ndio ulioinua pua ya ndege siku ile, ukaishusha Mwanza. Ila haukuwa ule wa zamani. Ule ulikuwa umetupwa; huu ulikuwa mpya, wa pesa ya matairi.

Ndege ilifungiwa isiruke. Gharama ya kuifufua ilizidi thamani yake, tukaiuza kwa mtu anayetaka vipuri. Ilitoka Karagwe juu ya lori, mabawa yamelazwa ubavuni. Karakana ya Mwanza niliipigia simu nikaeleza. Walinisikiliza, wakasema nafasi ya Pastory ilijazwa zamani.

Nikaenda Kimuli. Sikumwambia mtu, nawe sikukuambia. Nilimkuta nje ya nyumba yake akitengeneza mashine ya kukobolea kahawa, bodaboda mbili zinangoja kando. Mke wake alitoka mlangoni, akauliza kwa Kinyambo, "Ndiye huyu?" Kinyambo changu kinatosha kwa hilo. Pastory akaitikia, mke akarudi ndani.

"Karibu, mama," alisema Pastory. Hakuacha kazi.

"Nimesomewa kitabu cha ndege," nikasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mwaka wa kabla. Ukafuta."

"Nasema mwaka ule wa mwisho. Ulipokuwa umekatika kupita kipimo."

Akanyamaza kama alivyokuwa akinyamaza. Safari hii nilingoja.

"Ningeandika waya, ungefuta," alisema. "Mimi nisingesaini. Ungetafuta wa kusaini." Akakaza boliti. "Na ulimpata."

"Ukaandika matairi."

"Niliandika unachokiona."

"Na pale uwanjani? Mbele ya watu? Ungesema neno moja tu."

"Uliniuliza tairi, mama. Nikakujibu tairi." Akafuta mikono. "Halafu, karatasi yako niliandika uongo. Fundi wa ndege akiandika uongo kwenye karatasi moja, nani ataamini zile nyingine? Walionifukuza hawakukosea. Usiwalaumu."

Nikamwomba radhi. Nilipiga magoti, Zulfa, mimi unayenijua. Lakini nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata Mungu kwa sauti. Nikiwa chini pale, machozi yananitoka, kichwa changu kilikuwa kinatoa hesabu: bei ya matairi mawili, toa bei ya waya. Kilikuwa kinabaki kitu. Sikukitaka kichwa kile kifanye hivyo. Kilifanya chenyewe.

Nadhani alikiona usoni kwangu, kwa sababu hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinitazama machoni.

"Kuna kilichobaki," alisema. "Waya haukufika bei ya matairi."

"Sijakuuliza, Fundi."

"Utajiuliza ukifika Kayanga. Nilinunua chakula. Siku tatu nililala chini ya bawa kulinda vyuma vilivyofunguliwa. Ulipita kila asubuhi kunitazama. Hukuwahi kupita na chai."

Jirani ya duka letu kuna mama anayeuza chai na maandazi tangu alfajiri. Unamjua, umekulia maandazi yake. Asubuhi zote tatu nilipita mbele yake nikienda kumkagua yule mtu, na katika zote tatu sikumbuki hata kuwaza kwamba mtu aliyelala nje ana njaa. Niliwaza nukta zangu.

Hakunifukuza. Wala hakunisamehe kwa maneno. Huku mgeni akifika mlangoni huletewa kahawa ya kutafuna kabla hajatua vizuri. Nilikaa pale kwa saa nzima na hakuna aliyeileta, na nikaona ni haki yao. Nilipoaga alisema, "Haya, mama," akarudi kwenye mashine yake.

Nimekuficha haya miaka yote kwa sababu nilijua utaniuliza kwa nini, nami sikuwa na jibu la kujipamba nalo. Nilikuwa mjane mwenye hofu. Hofu inataka mwizi, na isipompata inamtengeneza. Mimi nilimbana mtu mwaminifu mwaka baada ya mwaka, kalamu yangu kwenye orodha yake, mpaka akajifunza kuniandikia uongo ili asituue. Kisha nikamkamata kwa uongo niliomfundisha.

Usinielewe vibaya. Sikuombi uwe mtu wa kuamini ovyo. Huko unakokwenda utakuta wezi wa kweli, wengine watakuita mwanangu na watakutazama machoni, na usiwaonee haya hata kidogo. Mimi mwenyewe sijabadilika kiasi unachoweza kufikiria. Nimekuambia habari ya mwenye nyumba wako. Ila siku ukishamkamata mtu, na moyo wako ukapata furaha ile niliyoipata mimi pale uwanjani, usiondoke bado. Kaa naye kidogo. Muulize na lile ambalo huna haja ya kuliuliza. Na uende na chai.

Kila nikienda Kyerwa kununua kahawa namtumia Pastory salamu kwa watu wa Kimuli. Wananiambia zinafika. Hajawahi kunijibu. Naendelea kuzituma.

Mama yako